Kisa Atimiza Kumi Ng'ambo ya Songwe

Aliyemnyonyesha Kisa wiki zake za kwanza duniani hakuwa mama yake mzazi. Habari hiyo aliisikia akiwa na miaka tisa, nyumbani kwao Ngonga, siku ambayo mama yake, Beatrice, alikuwa uani akipepeta mchele pamoja na jirani yao Doreen. Beatrice alikuwa mjamzito, na Doreen alikuwa akimtania kwamba safari hii amnyonyeshe mtoto mwenyewe, asimwachie Mmalawi.

Kisa alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi. Akaacha kumenya.

"Mmalawi gani?"

Doreen akajifanya hakusikia, akazidi kutikisa ungo. Beatrice alitazama pembeni kidogo, kisha akaona hakuna pa kukwepea. Alimjua mwanawe. Kisa akishauliza jambo, unaweza kumtuma maji, ukamtuma kuni, ukamtuma dukani, na kila akirudi atasimama palepale na swali lilelile.

"Mwaka uliozaliwa," Beatrice alianza, "nilivuka mto Songwe kwenda Malawi kumzika shangazi yangu. Mimba ilikuwa kubwa, ila mimi nilijihesabia bado mwezi. Tukiwa matangani mvua ikanyesha, mto ukapanda, njia ya kurudi ikafungwa. Uchungu ukanikuta huko, Jumapili ya Mitende, nyumbani kwa mwanamke nisiyemjua. Anaitwa Tusekile. Naye siku hiyohiyo alikuwa na uchungu wake. Bibi mmoja alituzalisha wote wawili, anatoka chumba hiki anaingia kile. Asubuhi akazaliwa Lugano, binti wa Tusekile. Jioni ukazaliwa wewe."

"Halafu?"

"Halafu homa ikanishika, sikujitambua tena. Walinivusha kwa mtumbwi kunileta hospitali huku kwetu, wakasema kichanga hakiwezi kupita kwenye maji yale. Wakabaki wanaulizana mtoto atafanywaje. Tusekile akawaambia, mwacheni hapa, matiti ninayo mawili."

Doreen alicheka, lakini Kisa hakucheka. Beatrice akaendelea. Siku chache baadaye, alisema, maji yaliingia hata ndani ya nyumba ya Tusekile. Mwanamke yule aliwalaza watoto wote wawili katika beseni la kufulia, akajitwika beseni kichwani, akatoka nao hadi mlimani kwenye watu, maji yakimfika hapa. Beatrice aliweka kiganja kifuani.

"Nani alikuja kunichukua?"

"Baba yako. Mto ulipopungua. Mimi nilikuwa bado wodini, hata jina langu nilikuwa nalisahau."

"Na baada ya hapo mlikwenda kumsalimia?"

Beatrice aliokota punje moja ya mpunga kwenye mchele, akaitupa kwa kuku. "Hilo mwulize baba yako."

Gwamaka, baba yake Kisa, alikuwa mbeba mizigo kwa baiskeli. Magunia ya mpunga kutoka Ngonga kwenda mashineni, mikungu ya ndizi kwenda sokoni Kyela mjini, wakati mwingine mgonjwa kwenda zahanati, vyote vilipita kwenye karia ya baiskeli yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mapaja magumu. Jioni ile Kisa alimkuta amepindua baiskeli, magurudumu juu, akikaza nati.

"Tata, Mama Lugano anakaa wapi?"

Gwamaka hakuinua kichwa. "Walihama. Bonde lile walihama watu wote."

"Ulikwenda kuwatafuta?"

Gwamaka aliikaza nati ambayo tayari ilikuwa imekazwa. Kisa alisubiri jibu hadi giza likaingia, akaondoka na uamuzi wake.

Kwao siku ya kuzaliwa haikuwa jambo la kufanyiwa sherehe. Ya Kisa ilikuwa tarehe kumi na tatu Aprili, na mwezi huo Kyela yote huwa ni tope, watu wana kazi ya kuokoa mpunga na kuziba mapaa. Shuleni marafiki zake walikuwa wakimvizia na kummwagia maji, kama wanavyofanyiwa wote wenye siku zao, na hapo ndipo sherehe ilipoishia. Lakini asubuhi iliyofuata, akinywa uji, Kisa aliwatangazia wazazi wake kwamba mwaka huu, akitimiza kumi, siku hiyo ataifanyia Malawi, pamoja na Lugano.

"Malawi si Kyela mjini," alisema Gwamaka.

"Najua."

"Hata wanakoishi hatupajui."

"Nitapajua."

Alianza kuuliza. Aliwauliza wanawake wa ng'ambo waliokuja gulioni na maharage. Aliwauliza vijana wanaovusha mizigo mpakani Kasumulu, waliokuwa wakimfahamu baba yake. Kila alipoandamana na Gwamaka kupeleka mchele kwenye duka la Bi Mwasiti, alimwuliza naye. Bi Mwasiti alikuwa mfanyabiashara wa vitenge mjini Kyela, mwanamke mnene mwenye sauti ya Kiswahili cha pwani alichokirithi kwa babu zake, na kila mwezi alikwenda Karonga, Malawi, kufuata bidhaa. Mara ya kwanza alimjibu Kisa kwa mzaha kwamba Malawi kuna akina Tusekile wengi kuliko mchanga wa ziwa. Mara ya pili akamwuliza huyo wake alihamia wapi. Mara ya tatu, kabla Kisa hajafungua kinywa, Bi Mwasiti alinyoosha mkono juu ya meza.

"Usiniulize, nimeshauliza mimi. Huwezi kunifanya nisile chakula changu kwa raha kwa ajili ya Tusekile. Yupo Kaporo, kwenye barabara ya Karonga. Anauza mandasi, maandazi ya kwao, karibu na shule. Nimenunua kwake kwa mkono wangu huu."

"Ana binti?"

"Ana binti mrefu, mkali kama wewe."

Kisa alimgeukia baba yake. Gwamaka alikuwa ameshika gunia begani, hajalitua wala halibebi, kana kwamba amesahau alichokuwa akikifanya.

Usiku huo Beatrice ndiye aliyesema na Gwamaka. Kisa, akiwa amelala chumba cha pili, alisikia kipande tu cha maneno ya mama yake: "Unaona haya, najua. Hata mimi naona haya. Lakini mtoto haoni haya, basi muache atuongoze." Asubuhi Gwamaka alikwenda ofisi ya uhamiaji kutafuta kibali cha kuvukia. Beatrice mwenyewe hangeweza kwenda. Miguu ilikuwa imevimba na mimba imekuwa nzito. Alipima mchele ulio mzuri kuliko wote ndani, akaufunga kwenye mfuko wa plastiki mara mbili kwa sababu ya mvua, na juu yake akaweka kitenge alicholetewa na Bi Mwasiti, kwa kuwa Idi ilikuwa imepita siku chache tu na moyo wake bado ulikuwa wa sikukuu.

Tarehe kumi na tatu iliangukia Jumamosi. Waliondoka alfajiri, mfuko wa mchele ukiwa umefungwa kwenye fremu na Kisa kwenye karia, miguu ameitanua ili isiguse spoku. Wingu lilikuwa zito upande wa milima ya Livingstone, ila kwao bado kulikuwa kukavu.

Darajani Kasumulu Kisa aliutazama mto Songwe kwa mara ya kwanza akiwa na akili. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mpana, na ulikuwa ukibeba mgomba mzima na majani yake. Ng'ambo, katika ofisi ya mpakani, afisa wa Kimalawi alisoma kibali chao taratibu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na saa ya ukutani.

"Tata," Kisa alinong'ona, "saa yao imeharibika."

Afisa alisikia, na Kiswahili alikijua. "Haijaharibika. Huku kwetu ni saa mbili. Kwenu ndiko kumekuwa saa tatu."

Kisa alifikiri. "Kwa hiyo leo yangu imekuwa ndefu?"

"Leo yako ina nini?"

"Natimiza miaka kumi."

"Basi serikali ya Malawi imekuongezea saa moja," alisema afisa, akagonga muhuri. "Itumie vizuri."

Kisa alikwenda nayo saa yake hiyo kwa furaha kubwa, akimwimbia baba yake mgongoni. Lami ya ng'ambo ilikuwa nzuri, mashamba ya mpunga pande zote mbili kama ya Ngonga, migomba kama ya Ipyana, hata watu waliokuwa wakipishana nao walisalimia "Mugonile" kama bibi zake wanavyosalimia. Kisa alikuwa ametarajia nchi nyingine iwe na lugha nyingine. Badala yake Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kigeni, na Kinyakyusa cha jikoni, kile anachokatazwa kukisema darasani, kilieleweka kwa kila mtu.

Kisha mvua ikashuka. Haikuwa na manyunyu ya kuanzia. Ilishuka yote kwa pamoja. Walijibanza chini ya kibanda cha kuuzia mihogo mpaka ilipopungua, wakaendelea, na baada ya kona mbili Gwamaka akafunga breki. Mbele yao barabara ilikuwa imepotea. Maji kutoka shambani yalikuwa yanapita juu ya lami, kahawia, kwa haraka, na magari yalikuwa yamepanga foleni pande zote. Wanaume wa kijiji walikuwa wamefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo na walikuwa wakivusha watu mmoja mmoja. Maji yaliwafika mapajani.

Gwamaka alisimama muda mrefu akiyatazama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tunarudi," alisema.

Kisa alishuka kwenye karia. Gauni lake la sikukuu, la rangi ya machungwa, lilikuwa limemgandia mwilini.

"Mwanangu, tumejaribu. Tutakuja kiangazi. Mpunga ukishavunwa, njia ikiwa kavu, nitakuleta mwenyewe."

"Uliwaambia hivyo na wao?"

Alilisema bila ukali. Alikuwa anauliza tu. Lakini Gwamaka alimgeukia kama mtu aliyeguswa kwenye kidonda.

"Nilimwambia nitarudi mwezi unaofuata," alisema mwishowe. "Nimletee mchele, nimpe habari za mama yako. Mwezi ukapita, nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Mwaka ukapita, aibu ikawa kubwa zaidi. Baadaye nikasikia wamehama, na kusema kweli nilipumua."

Kisa alivua viatu, akavifunga kamba pamoja na kuvining'iniza shingoni.

"Tata, Mama Lugano alipotubeba kwenye beseni maji yalimfika wapi?"

Gwamaka aliangalia ile kamba.

"Mama amesema kifuani. Haya yanawafika mapajani, na kuna kamba."

Mmoja wa wale wavushaji, mzee mwenye kofia ya mkeka iliyolowa, alikuwa amewakaribia na kusikia. "Baba, maji yanapungua, hayaongezeki," alisema. "Tangu asubuhi nimevusha hata wajawazito. Mtoto atakuwa katikati, mimi mbele, wewe nyuma. Baiskeli watabeba vijana."

Wakaingia. Maji yalikuwa baridi kuliko Kisa alivyodhani, na yalimvuta miguu kwa nguvu, kama kitu chenye nia. Yalimfika kiunoni. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, hakuangalia chini, alikaza macho kwenye kofia ya yule mzee. Katikati hatua moja ilikosa lami na mguu ukachomoka. Mkono wa Gwamaka ukamdaka ukosi wa gauni kabla hata hajapiga kelele.

"Turudi?" baba yake alimwuliza sikioni.

"Tumeshafika katikati," alisema Kisa. "Kurudi na kwenda ni sawasawa."

Walitoka upande wa pili wakitetemeka. Gwamaka aliushika mfuko wa mchele, akaukuta mkavu, akacheka peke yake kwa sauti ambayo Kisa hakuwahi kuisikia. Kuanzia hapo hakutaja tena habari ya kurudi. Hata cheni ya baiskeli ilipokatika, alisema tu, "Haya, tutembee," na wakatembea, yeye akisukuma usukani na Kisa akisukuma karia, malori yakiwarushia maji. Kisa alikuwa amevaa tena viatu, vikamchubua kisigino kimoja. Alivua kiatu cha mguu huo, akatembea na kimoja, na baadaye akaona bora avue vyote.

Kaporo walifika mchana. Mbele ya shule, mahali alipopataja Bi Mwasiti, kulikuwa na benchi tupu na jiko la mkaa lililojaa maji ya mvua. Kisa aliangalia lile jiko, midomo ikaanza kumchezacheza. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Fundi baiskeli aliyekuwa chini ya banda la mabati jirani na pale, kijana anayeitwa Nelson, ndiye aliyewaokoa. "Mama Lugano? Leo hakuuza, mvua ilimfukuza. Nyumba yake ile pale, yenye mlango wa bluu. Baiskeli iacheni, nitaifunga cheni."

Kwenye mlango wa bluu mwanamke mwembamba alikuwa ameinama akifagia maji yaliyoingia barazani. Aliinuka. Aliona mwanamume aliyelowa na mfuko mkononi, na mtoto mwenye gauni la machungwa asiye na viatu.

"Mugonile, Mama," alisema Kisa, akapiga goti.

"Ndaga, mwanangu. Mmetokea wapi na mvua hii?"

Gwamaka alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Kisa akaona baba yake ameshindwa kuanza, akasema yeye.

"Mimi ni Kisa. Wa kwenye beseni."

Ufagio ulianguka. Tusekile hakumkumbatia mtoto kwanza. Alimtazama Gwamaka, na swali lake lilitoka kama lilikuwa limekaa mdomoni miaka yote ile.

"Mkeo alipona?"

"Alipona."

"Ulimchukua mtoto ukaniambia mama yake bado hajitambui. Nimekaa miaka nikijua nimemrudisha mtoto kwa maiti."

Gwamaka alipiga magoti palepale barazani, kwenye maji. Alisema, "Nisamehe, dada," na maneno mengine ambayo Kisa hakuyasikia vizuri. Tusekile alimwacha kidogo apige magoti. Hakuwa na haraka ya kumwinua. Halafu akamwinua. Ndipo akamvuta Kisa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua boga sokoni, na kusema, "Ulikuwa unanyonya kwa fujo wewe. Lugano alikuwa anapata mabaki."

Simu ya Gwamaka haikushika mtandao ng'ambo, kwa hiyo Tusekile alipiga kwa simu yake mwenyewe. Beatrice alipopokea, akasikia ni nani, wanawake wale hawakuwa na mengi ya kusemezana. Kisa alimsikia mama yake akishukuru, akisema "ndaga," na Tusekile akijibu "ndaga," na tena, na tena, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Lugano alikuwa ametumwa kwa jirani. Kisa alipoambiwa anarudi, mpango wote aliokuwa ameulea tangu Januari ulimjaa kichwani. Alichota maji mtungini kwa kata, akajificha nyuma ya mlango wa bluu, na msichana mrefu mwenye nywele fupi alipoingia, akammwagia yote kichwani.

"Hongera! Tumetimiza kumi!"

Lugano alipiga yowe. Kisha akamsukuma Kisa, Kisa akakaa chini kwa kishindo.

"Huyu ni nani? Ana wazimu?"

"Ni dada yako," alisema Tusekile, akishindwa kusema zaidi kwa kucheka. "Yule wa mafuriko. Amekuja kwa ajili ya siku yenu ya kuzaliwa."

"Siku yangu imeshapita," alisema Lugano, akijifuta uso. "Ilikuwa Mitende. Mwezi uliopita."

Kisa alinyanyuka. "Siku yetu ni leo. Tarehe kumi na tatu Aprili. Imeandikwa kwenye kadi yangu ya kliniki."

"Yangu ni Mitende. Kadi yangu ilichukuliwa na maji. Mama alikumbuka Mitende, na kila Mitende ananipikia."

"Mitende inahama! Mwaka mmoja iko Machi, mwaka mwingine Aprili. Siku ya kuzaliwa haiwezi kuhama."

"Yangu inahama."

"Haiwezi."

"Inahama tangu nizaliwe, wewe umekuja leo unaikataza?"

Walikuwa wamesimama uso kwa uso, wote wamelowa, wote wameshika viuno. Gwamaka alitaka kumkanya mwanawe. Tusekile akamzuia. "Waache," alisema. "Wamekaa miaka kumi bila kugombana. Wana deni."

Kisa alikuwa amejiandaa kwa njia mbovu, kwa mto, hata kwa kufika na kuambiwa mtu mwenyewe hayupo. Hakujiandaa kwa mtu ambaye hakuihitaji zawadi aliyomletea. Aliketi barazani, akavuta magoti. Kisigino sasa kilikuwa kinauma. Baada ya muda Lugano alikuja na kitambaa na maji ya chumvi ya vuguvugu, akaketi mkabala naye, akaushika ule mguu bila kuomba ruhusa.

"Umetembea na hiki kutoka Tanzania?"

"Kutoka cheni ilipokatika."

Lugano alikiosha kidonda taratibu. "Kama umetembea na hiki," alisema, "basi leo tufanye yako. Ila yangu siiachi."

"Sawa. Na mimi yangu siiachi."

Ikafanywa. Mchele wa Ngonga ulipikwa, ukanukia hadi kwa majirani, wakaja bila kualikwa. Tusekile alikaanga samaki wa ziwani na kuweka mandasi kwenye sinia, Nelson akaleta baiskeli iliyopona, akaambiwa aketi ale. Waliimba kwa Kinyakyusa, kwa Kitumbuka, na mwishoni Kisa peke yake aliimba kwa Kiswahili, amesimama na bendeji mguuni, mpaka mwisho, bila kuona haya. Lugano akammwagia kata ya maji.

Kesho yake, Jumapili, walikwenda kanisani kabla ya kuanza safari. Baada ya ibada Kisa alimfuata mzee wa kanisa, Andongwisye, mtu mrefu mwenye miwani, akamwomba amwonyeshe tarehe za Mitende, za miaka iliyopita na ijayo. Alitaka kumthibitishia Lugano kwamba siku hiyo inatangatanga. Mzee alifungua kalenda ya mwaka unaokuja, akafuata mistari kwa kidole, kidole kikasimama.

"Mwakani Mitende ni tarehe kumi na tatu Aprili," alisema.

Wasichana walitazamana. Kisa ndiye aliyeanza kucheka, ingawa alikuwa ameshindwa na ameshinda kwa pamoja na hakujua achague lipi.

Maji yalikuwa yamekauka barabarani waliporudi, lami imeachiwa matope na majani. Gwamaka aliendesha polepole. Walipofika darajani alimwambia mwanawe, bila kugeuka, kwamba mwezi ujao atakwenda tena Kaporo, peke yake, kumsaidia Tusekile kuinua sakafu ya nyumba maji yasiingie. Kisa hakumkumbusha ahadi ile ya zamani. Mwezi uliofuata Gwamaka aliondoka kweli, alfajiri, na kurudi baada ya siku tatu na saruji kwenye kucha.

Beatrice alijifungua Juni, mpunga ukiwa umeanikwa uani, mtoto wa kiume. Wiki ya pili Tusekile alivuka mpaka na Lugano. Kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi ule, wanawake wawili walikuwa chumba kimoja. Beatrice alimpa kichanga amshike. Tusekile alimbeba, akamnusa utosini, na alipoanza kulia akamrudishia mama yake haraka.

"Safari hii mwenyewe," alisema.

Beatrice akafungua kifua, akamnyonyesha. Nje Doreen alikuwa akiwafokea wasichana wawili kwamba kuku wamejaa kwenye mpunga, na wao kila mmoja alikuwa anasema zamu ya kuwafukuza ni ya mwenzake.